Msasa kabla ya tezo: mwongozo kamili wa kumaliza kazi iliyokwama kwenye vitu vidogo

Kwenye kompyuta ya steshenari yangu hapa Mtwara mjini kuna faili linaloitwa "andiko la mwisho 14". Ni andiko la mradi la kijana mmoja wa Mikindani na wenzake, waliokuwa wakiomba mkopo wa halmashauri. Matoleo yote 14 yana pengo lilelile kwenye bajeti: bei ya mashine haijaandikwa, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuiuliza. Kilichobadilika toleo hadi toleo ni aina ya herufi, rangi ya kichwa, mpaka wa ukurasa na mahali nembo inapokaa. Maombi ya awamu hiyo yalifungwa wakiwa kwenye toleo la 11.

Kijana huyo si mvivu. Alikuwa anakuja kila siku, wakati mwingine mara mbili, na analipa.

Nimeshawahi kutoa vidokezo vya mstari mmoja mmoja juu ya jambo hili. Watu walisoma, wakanishukuru, na Jumatatu wakarudi niwasogezee nembo. Kwa hiyo leo naweka kila hatua na sababu yake. Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa pakiti za korosho, maana huko ndiko nilikoumia mwenyewe.

## Tatizo lenyewe

Ukikaa na wachongaji wa vinyago wa Kimakonde utaona mpangilio wao. Gogo la mpingo linaanza kwa shoka na panga, linaingia kwenye tezo, halafu patasi, halafu tupa. Msasa unakuja mwishoni, kabla ya kung'arisha kwa kiwi. Hakuna anayepiga msasa gogo ambalo bado halina uso.

Sisi wengine tunapiga. Mkono unakwenda, vumbi linatoka, jasho linatoka, na gogo linabaki gogo.

Watafiti wa tabia ya kuahirisha kazi, akiwemo Timothy Pychyl wa Kanada na mwenzake Fuschia Sirois, wameeleza kwamba shida yake haiko sana kwenye ratiba. Iko kwenye hisia: kazi inakutia wasiwasi, unaikimbia ili wasiwasi utulie. Mwingine anakimbilia simu au bao. Wewe mchapakazi unakimbilia kipande cha kazi kisichotisha. Ndiyo maana ni vigumu kujikamata. Mcheza bao anajua kwamba anacheza bao.

## Mahitaji

- Daftari la shule na kalamu, vile vilivyopo nyumbani. Ukitoka kwenda kuchagua daftari zuri, umeshaanza msasa.
- Simu yenye kipima muda.
- Noti ya shilingi 10,000, au kiasi chochote ambacho kikiondoka utakisikia.
- Shahidi mmoja. Asiwe mama yako, wala mtu unayemdai. Bora kuliko wote ni mtani: ana ruhusa ya kukusema, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.
- Saa moja na nusu siku ya kwanza, kisha nusu saa kila siku kwa wiki moja au mbili.

Kompyuta haimo kwenye orodha. Usiiwashe mpaka hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Andika mwisho ambao mtu mwingine anaweza kuuona

Juu ya ukurasa andika sentensi moja inayosema kazi itakuwa imekwisha lini na kwa dalili gani. Sharti lake ni kwamba shahidi wako aweze kuithibitisha bila kukuuliza wewe.

"Kuanzisha biashara ya korosho" haifai. "Kuboresha andiko" haifai kabisa, maana kuboresha hakuna mwisho. Andika hivi: "Pakiti 20 ziko juu ya meza ya duka moja la stendi, Ijumaa." Au: "Andiko limepokelewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, na nakala yangu imegongwa muhuri."

Sababu ni hii. Sentensi isiyo na jicho la nje inakuacha wewe uwe mchezaji na refa, na refa wa namna hiyo huongeza dakika mpaka usiku.

Utajua umefaulu: mtani wako akisoma sentensi anauliza "Ijumaa saa ngapi?" Akikuuliza "una maana gani?", andika upya.

## Hatua ya 2: Tenga dogo lenye uzito na dogo la kujifichia

Hapa ndipo miongozo mingi hupotosha. Inakwambia "usijali vitu vidogo", kana kwamba vyote ni sawa. Mtu wa kusini hawezi kukubali hilo. Mkulima wa mikorosho anajua kwamba salfa ya kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) inapigwa mikorosho inapoanza kutoa maua, inarudiwa, na kwa salfa ya unga asubuhi na mapema ndiyo saa yake, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani. Ukichelewa, maua yanaharibika na msimu umeondoka. Saa ya kupiga salfa ni kitu kidogo. Ukiidharau, utalia.

Kwa hiyo usivitupe vidogo. Vichambue. Andika kila ulichofanyia kazi wiki mbili zilizopita, hata kama ni "nilitafuta picha ya mti kwenye simu". Kisha kila kimoja kipitishe kwenye maswali matatu:

1. Nikikikosea, nani anaumia, na lini?
2. Nikitaka kukibadilisha baada ya mwezi, kitanigharimu nini?
3. Kuna mtu anayeweza kunikatalia kwa sababu yake?

Nikupe daftari langu la msimu ule. Nilikuwa nataka kuuza korosho zilizokaangwa, nikanunua zilizobanguliwa kutoka kikundi cha akina mama. Msimu wa mauzo ulifunguliwa Oktoba, mimi nachagua kijani cha lebo. Novemba nilikuwa bado nachagua kijani, ila sasa kilikuwa na majina. Hivi ndivyo orodha ilivyochambuka:

Rangi ya lebo: nikikosea, haumii mtu. Kubadilisha ni bei ya kuprinti karatasi nyingine. Hakuna atakayekataa korosho kwa sababu ya kijani. Ni maficho.

Jina la biashara: hapa nilibishana na nafsi yangu. Ukishalisajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, kulibadilisha ni usumbufu na gharama. Lakini kwa pakiti 20 za majaribio hakuna jina la kusajili bado. Kwa leo ni maficho, baada ya miezi mitatu lina uzito. Kumbe kitu kimoja kinaweza kuhama kundi kadiri kazi inavyokwenda.

Kufunga pakiti: mdomo wa pakiti ukivuja hewa, korosho inanyonya unyevu, inalegea, na mafuta yake yanaanza kunuka. Korosho iliyobanguliwa inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 5, na hapa pwani hewa yenyewe ina maji. Anayeumia ni mteja, ndani ya siku chache, na harudi. Hiki ni kidogo chenye uzito mkubwa, na katika miezi miwili nilikuwa nimekipa dakika kumi.

Hesabu ya gharama: nilitakiwa niamue kama niendelee kununua zilizobanguliwa, au nibangue ghafi kutoka shamba la familia (la familia, nasisitiza, sisemi kangomba, ule ununuzi wa magendo). Inahitajika kilo 4 hadi 5 za ghafi kupata kilo 1 iliyobanguliwa. Ongeza mkaa, ongeza mikono, ongeza vipande vinavyovunjika na kushuka bei, na yale mafuta ya ganda yanayounguza vidole. Sikuwa nimeandika hata tarakimu moja. Swali la tatu linaeleza kwa nini: hesabu ingeweza kunikatalia. Rangi ya kijani haikatai mtu.

Kipimo changu cha haraka, kwa asiye na muda wa maswali matatu, ni hiki: dogo linalokupa raha ukilishika, litilie shaka. Dogo unalolizunguka kama unavyomzunguka mdai wako njiani, hilo ndilo kazi.

Onyo: usifanye uchambuzi huu zaidi ya dakika 40. Nimeona mtu akiuchora kwa kalamu za rangi nne.

Utajua umefaulu: kundi lenye uzito lina vitu vitatu au vinne, na angalau kimoja hujakigusa kabisa. Kama vyote vimo kwenye kundi la uzito, umejidanganya. Rudia na mtani akiwa pembeni.

## Hatua ya 3: Mtafute unayemkwepa

Nyuma ya kila msasa wa mapema yuko mtu. Au iko namba. Kazi ya kitu kidogo ni kuchelewesha siku ya kukutana naye.

Kijana wa Mikindani alikuwa anamkwepa muuza mashine. Alihisi bei ni kubwa, na bei ikiwa kubwa mradi umekufa. Matoleo 14 yalikuwa yanaulinda mradi usiisikie bei. Mimi nilikuwa namkwepa dada mwenye duka la stendi, ambaye tulisoma pamoja shule ya msingi. Angeweza kuziangalia korosho zangu na kuniuliza kama nimekosa kazi. Mwanafunzi anayepanga upya marejeo kwa wiki tatu anamkwepa msimamizi wake. Anayejenga na kutwa nzima yuko kwenye picha za vigae, mara nyingi anamkwepa fundi wa msingi.

Kumpata, andika majina matatu ya watu ambao neno lao moja linaweza kusimamisha kazi yako. Soma taratibu. Lile linalokaza tumbo ndilo lenyewe. Ikiwa hakuna jina linalokaza, tafuta namba: salio, uzito, bei, tarehe ya mwisho. Namba nazo zinakwepwa.

Mwandike chini ya ile sentensi ya hatua ya 1. Kuanzia hapa kazi yako yote inakwenda kwake.

Onyo: kuna watu wanaostahili kukwepwa, yule anayekejeli kila kitu cha kila mtu. Usijipeleke kwa huyo ukasema nimekutuma. Tafuta mwingine mwenye uwezo uleule wa kusema hapana, asiyefurahia kuisema.

## Hatua ya 4: Weka mpaka kabla hujagusa kitu

Mpaka ni wa aina tatu, na vyote viandikwe.

Muda. Kila kitu cha kundi la maficho kinapewa dakika 25 kwa jumla, kisha kinafungwa kilivyo. Dakika 25 nimeziazima kwa Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyekuwa akipima vipindi vyake vya kazi kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ukiweka 20 au 30 ni sawa. Usianze kutafiti dakika zipi ni bora.

Matoleo. Mawili tu. La tatu linaruhusiwa pale tu ambapo mtu wa hatua ya 3 amelitaka kwa mdomo wake.

Siku isiyo yako. Tarehe uliyojiwekea mwenyewe inasogea. Chagua siku inayoshikwa na wengine: siku ya gulio, siku ya kufunga maombi, basi la alfajiri la Dar ambalo litabeba mzigo wako upo au haupo.

Kisha mpe shahidi ile noti. Ijumaa ikipita bila dalili ya hatua ya 1, noti ni yake, na asirudishe hata ukimwambia kulikuwa na mvua.

Ongeza sentensi moja yenye umbo la "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha kwamba mipango ya umbo hilo hutekelezwa kuliko nia tupu. Yangu ilikuwa: "Nikifungua faili la lebo kabla ya Ijumaa, nitalifunga na kwenda kupima uzito wa pakiti." Niliitumia mara sita siku ya kwanza. Siku ya tatu, mara moja.

## Hatua ya 5: Tengeneza toleo la aibu

Sasa washa kompyuta au jiko. Shika kundi lenye uzito peke yake, ukianza na kile ambacho hujakigusa kabisa.

Toleo la aibu lina kila kiungo cha kazi, hata kama sura yake ni mbaya. Andiko lina bei ya mashine kwa tarakimu, majina ya wanakikundi, hesabu ya marejesho, na herufi zilezile kompyuta ilizokuja nazo. Pakiti zangu zilikuwa 20, kila moja imepimwa, imefungwa kwa joto, imejaribiwa kwa kuzamishwa kwenye beseni la maji uone kama mapovu yanatoka. Juu kuna karatasi nyeupe niliyoandika kwa mkono: korosho, uzito, tarehe ya kukaanga, namba ya simu.

Aibu ni sehemu ya kipimo. Kama huoni haya hata kidogo kulionyesha, umelichelewesha.

Hapa nawaonea wivu machinga, na jina lao wanasema lilitoka kwetu, kwa Wamachinga wa Lindi. Yeye anatandika turubai asubuhi, anamwaga viatu, na jioni anajua ni saizi gani zinatoka. Hana hata nafasi ya kuweka msasa kati yake na mteja.

Onyo, na hili si la kuruka: sura mbaya ni ruhusa, hatari si ruhusa. Kwenye chakula, usafi, ukavu na ufungaji havina ruhusa hiyo. Majaribio ya kuonjesha yaishie hapo. Kabla ya kuuza dukani kwa kudumu fuata taratibu za TBS (Shirika la Viwango), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa itakuelekeza pa kuanzia. Umeme, gesi na msingi wa nyumba navyo usivifanyie majaribio ya haraka haraka.

Utajua umefaulu: unaweza kumkabidhi mtu kazi yako na akaitumia bila wewe kusimama pembeni ukieleza.

## Hatua ya 6: Mpelekee, na usimuulize "unaonaje?"

Sisi watu wa pwani tuna adabu yetu. Mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake, unasema hongera. Ni vizuri, na tusiache. Lakini hongera haijibu chochote. Nimeona watu wamekusanya hongera 30, wakarudi nyumbani kuboresha fonti.

Omba kitu kinachomgharimu yule unayemwomba: pesa, nafasi, sahihi, au tarehe. Mimi nilimwambia hivi, baada ya salamu na habari za watoto:

"Dada, nimekuletea pakiti za kuonjesha, kula na wateja wako bure. Nikikamilisha vibali, utanipa nafasi mezani, na utauza kwa bei gani?"

Ukishamaliza kusema, nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye mwongozo huu. Usijazie kimya kwa "najua lebo bado". Ukiitaja lebo wewe, ataijadili lebo, na mmerudi maficho wote wawili.

Alichukua pakiti, akaigeuza. Nikadhani anasoma. Akauliza: "Hii mtu anafungulia wapi? Kwa meno?" Miezi miwili ya kijani, na sikuwa nimewaza kwamba abiria aliyekaa dirishani hana mkasi. Kisha akasema pakiti ni kubwa mno kwa mtu wa basi, anayetaka kununua kwa chenji iliyobaki mkononi. Kisha akaonja, akasema zimekaangwa vizuri, na nafasi atanipa nikileta ndogo. Rangi hakuigusa.

Andika majibu neno kwa neno, palepale au ukishatoka mlangoni. Usitafsiri. "Kwa meno?" ni maelekezo kamili. Ukiandika "ufungashaji uboreshwe" umeshampa msasa mlango wa nyuma.

Akikataa kabisa uliza swali moja: "Ungetaka iweje ndiyo uipokee?" Kisha shukuru, ondoka. Kazi hii haijashindikana; imepata mtu anayeijua.

Utajua umefaulu: una sentensi mbili au tatu ambazo hukuzijua asubuhi, na angalau moja inakuudhi kidogo.

## Hatua ya 7: Rekebisha kilichotajwa tu

Fupi: ulichoambiwa, rekebisha. Ambacho hakikutajwa, kiache kilivyo hata kama kinakuwasha. Jambo la ladha ya mtu, lisubiri mpaka watu wawili wasiojuana walitaje. Jambo la usalama au hesabu, akilitaja mmoja linatosha.

Mimi nilikata tundu dogo pembeni mwa pakiti, nikapunguza ujazo. Jioni moja.

## Hatua ya 8: Sasa piga msasa

Uso upo, mikono ipo, kinyago kinasimama. Sasa chukua msasa bila hatia yoyote. Sikuambii uzuri hauna kazi. Lebo nzuri inauza, na andiko lililopangika linasomeka kwa afisa aliyechoka mchana wa jua la Mtwara. Mimi naishi kwa kupanga kurasa za watu. Nikisema haina maana nitakula nini?

Weka mpaka hapa pia: jioni moja, au fedha isiyozidi faida ya mzigo uliopita. Mwonyeshe tena yuleyule wa hatua ya 3. Akisema "hii sasa imekaa sawa" au asipogundua tofauti, yote mawili yana maana ileile: acha.

## Mkiwa kikundi

Vikundi vinapiga msasa kuliko mtu mmoja mmoja. Mwaka 1957 Mwingereza C. Northcote Parkinson alieleza kamati aliyoibuni mwenyewe, inayopitisha mtambo wa nyuklia chapuchapu, halafu inabishana muda mrefu juu ya banda la baiskeli, kwa sababu banda kila mtu analielewa. Angehudhuria kikao cha kikundi chochote cha hapa siku ya kuchagua kitenge cha sare, asingehitaji kubuni. Nimekaa kwenye kikao ambapo mkopo wa mamilioni ulipita kwa "tunakubali, tunakubali", na kitenge kikachukua mchana mzima na akina dada wawili wakaacha kusalimiana.

Dawa yake ni ya katibu. Kila ajenda iandikwe pembeni fedha inayohusika, na mjadala ufuate ukubwa wa fedha. Ya fedha ndogo apewe mtu mmoja aamue peke yake, na wengine wakubali kabla hajaamua. Mikopo ya halmashauri inatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) na haina riba, ila inarejeshwa. Kwa hiyo ajenda ya kwanza iwe marejesho: nani, kiasi gani, lini. Kitenge kiwe cha mwisho, wakati watu wameshasikia njaa.

## Ukikwama

Umegeuza mwongozo huu kuwa msasa. Unachora majedwali, unatafuta kipima muda kizuri. Ruka hatua zote, fanya ya 6 leo na ulichonacho.

Noti imeliwa mara mbili. Sentensi ya hatua ya 1 ni kubwa mno. Pakiti 20 ziwe 5. Andiko zima liwe ukurasa wa bajeti.

Shahidi anakuonea huruma. Badilisha shahidi, usibadilishe tarehe.

Bosi ndiye mpiga msasa. Mpelekee vitu viwili pamoja: alichotaka kipambwe, na swali moja lenye uzito linalohitaji sahihi yake siku hiyo. Mara nyingi atasaini ili arudi kwenye mapambo. Si njia ya heshima sana, lakini kazi inatoka.

Huwezi kuacha hata ukitaka. Kama unahakiki, unapanga au unaosha kitu kilekile kwa saa nyingi kila siku, na ukijizuia hofu inapanda mpaka hulali, hapo tumetoka kwenye kuahirisha kazi. Hiyo ni hali inayotibika. Nenda ukaonane na daktari, kwa Mtwara hospitali ya rufaa ya Ligula, kwa Lindi ile ya Sokoine, umweleze hivyohivyo ulivyo.

Kijana wa Mikindani alikwenda kuuliza bei ya mashine, siku tatu baada ya mimi kumnyang'anya kipanya cha kompyuta. Ilikuwa kubwa kweli, kama alivyohofia. Wakakaa na wenzake chini ya mwembe, wakabadilisha mradi kuwa wa mashine ndogo ya mtumba, wakaandika upya kwa mkono, nikawachapia. Kurasa 6, herufi za kawaida, nembo hakuna. Ukurasa wa pili uliingia doa la wino kutoka kwenye printa yangu na nikataka kuuchapa tena. Akanishika mkono, akasema ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Majibu bado hayajatoka.